Damu ya Mtu Mwembamba

Mwezi ambao Mwalimu hakutolewa damu kabisa ndio mwezi ambao majibu ya damu yake yalikuja mazuri kuliko yote.

Alisema hivyo akiwa amelala chali, mto mmoja chini ya magoti, macho yakifuata feni iliyokuwa ikizunguka kivivu juu ya kitanda cha hospitali. Inspekta alivuta kiti cha plastiki akakaa karibu na kichwa chake ili asilazimike kugeuza shingo. Koplo, msaidizi wake, alibaki amesimama. Kiti cha pili kilikuwa na mguu mbovu, naye alijua uzito wake.

"Rudia hapo, Mwalimu," Inspekta alisema.

"Nilikuwa kwa binti yangu. Alijifungua, nikaenda kumsaidia, nikakaa huko mwezi na zaidi. Niliporudi tu nikapigiwa simu kutoka maabara. Hongera mama, damu yako inazidi kupendeza."

"Na hukuwauliza damu ipi?"

Mwalimu alicheka kidogo, mgongo ukamkata, akaacha. "Wewe afande umewahi kuletewa habari njema ukabisha? Nilidhani wamechanganya miezi. Nikasema asante, nikakata simu."

Binti huyo ndiye aliyefungua malalamiko polisi. Miaka mitatu nyuma mama yake alikatwa titi la kushoto, akamaliza matibabu, akaambiwa amepona. Kisha akaombwa aingie kwenye utafiti wa kidonge kipya, kidonge cha kutuliza mafuta ya mwili kwa wanawake wanene waliowahi kuugua saratani ya matiti. Kila mwezi muuguzi alipita nyumba kwa nyumba akichukua damu. Utafiti ulikuwa na kanuni nyingi, lakini iliyowahusu akina mama ilikuwa moja tu: ambaye damu yake ingeonyesha uvimbe wa ndani unapanda, angepelekwa mara moja kupigwa picha ya mwili mzima. Ya Mwalimu haikupanda kamwe. Ilizidi kushuka mpaka asubuhi aliposhindwa kuinuka kitandani, akabebwa na majirani, na picha ikaonyesha kwamba saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo.

"Nani alikuwa anakutoa damu?"

"Mwanangu."

Koplo aliinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Si wa kumzaa," Mwalimu alisema. "Nilimfundisha darasa la kwanza. Mama yake akimwacha pale mlangoni analia mpaka kamasi zinafika kidevuni. Nikawa namkalisha kwenye meza yangu mimi, anachora huku nasahihisha madaftari. Leo ni muuguzi, ana mikono laini, sindano husikii. Huyo msimguse. Kama mnatafuta mbaya, mtafuteni yule dereva anayebeba boksi."

"Amefanya nini dereva?"

"Ana dharau. Tangu nimjue hajanisalimia inavyotakiwa."

"Kutosalimia siyo kosa la jinai, Mwalimu," Koplo alisema.

"Ingefaa liwe."

Inspekta alisubiri feni izunguke kidogo. "Mgongo ulianza kuuma lini?"

"Zamani. Kabla sijaenda kwa binti yangu."

"Ulimwambia daktari?"

"Nilimwambia mwanangu. Akaniambia, Mwalimu, vipimo vyako vinang'aa, huo ni umri tu na kuinama kupalilia maua yako. Akanipaka dawa ya kuchua kwa mikono yake mwenyewe. Nikatulia."

"Na namba inayobandikwa kwenye mrija, ulikuwa unaiona?"

"Naisoma. Ndiyo kanuni yao, mgonjwa aisome namba yake kwa sauti kabla haijabandikwa. Nilikuwa namtania, nikimwambia siku hizi wewe ndiye unayenisomesha."

Inspekta aliinuka kuaga. Mwalimu alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu kuliko sura yake.

"Mimi nimeshaambiwa langu," alisema. "Mifupa haina kurudi nyuma. Lakini tuko wengi kwenye kile kidonge. Wenzangu wangapi leo wanapigiwa simu wanaambiwa hongera?"



*

Dereva wa maabara aliitwa Tani na wafanyakazi wenzake, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Walimkuta kwenye maegesho nyuma ya hospitali, amekaa kiti cha mbele, mlango wazi, mguu mmoja nje, gari lote limeinama upande wake.

"Boksi la damu linafunguliwa wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Maabara. Lina kufuli, na ufunguo anao Daktari. Juu lina tundu, hili hapa, mkono hauingii. Muuguzi anatumbukiza mrija, mimi naendesha."

"Anautumbukiza wapi?"

"Getini. Anatoka nyumbani kwa mtu na mrija mkononi, namba imeshabandikwa. Anatumbukiza, tunasonga mbele."

"Wewe huingii ndani."

"Nikiingia kila nyumba nitaulizwa habari za ukoo wangu wote. Nabaki garini."

"Ndiyo maana husalimii watu?" Koplo aliuliza.

Dereva alimgeukia. "Huyo ni yule mama mwalimu. Siku ya kwanza nilimpungia mkono nikiwa natafuna, akaja mpaka dirishani akaniambia nimeze kwanza, kisha nisalimie upya. Mimi mtu mzima, afande, na mkwe ninaye."

Inspekta aliinama akachungulia tundu la boksi. Lilikuwa jembamba kama alivyosema. "Kuna mwezi alikuwa safarini. Mlipita kwake?"

"Tulipita. Geti lake halifungwi, unasukuma tu. Muuguzi akaingia, akakaa kama siku zote, akatoka na mrija."

"Akakaa kama siku zote."

"Mpaka nikapiga honi."

"Mwenye nyumba hayupo, mlango wa nyumba umefungwa," Koplo alisema. "Alikaa na nani?"

"Mimi kazi yangu barabara. Ya ndani ya geti siyajui."

"Mzunguko wenu mnauanza saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Inatakiwa alfajiri, akina mama wakiwa hawajatia kitu mdomoni. Lakini sisi tunaanza jua limeshakuwa kali. Nilimuuliza muuguzi, akasema Daktari amebadilisha ratiba. Nani mimi nibishane na ratiba?"

Walipokuwa wakipanda ngazi za maabara, Koplo alihema kwanza, kisha akasema, "Anamsukumia mwenzake. Mtu aliyeshika boksi njia nzima anakwambia boksi halifunguki, na wewe unameza."

"Sijameza. Nimetia mdomoni."

*

Daktari aliyeongoza utafiti alikuwa mwanamke wa makamo, koti jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Chumba chake kilinguruma kwa majokofu. Ukutani kulikuwa na bango kubwa la utafiti, lenye picha ya mwanamke anayecheka na mistari miwili iliyoteremka kama ngazi.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa sokoni," Inspekta alisema. "Hicho kidonge kinafanya nini?"

Daktari alionekana kufarijika kwamba ameulizwa kitu anachokijua. "Watu wanafikiri mafuta ya mwili ni gunia lililotupwa stoo, limekaa tu. Sivyo. Yanafanya kazi kama tezi. Yanatoa homoni, na homoni zake zinatembea mwili mzima zikitoa amri."

Koplo aliweka mkono juu ya tumbo lake. "Na yangu yanasema nini?"

"Yako yanapiga kelele."

"Nilijua tu."

"Kuna homoni inaitwa leptini," Daktari aliendelea. "Kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba ghala limejaa, acha kula. Mafuta yakizidi, leptini inazidi, mpaka ubongo unazoea na kuacha kusikiliza. Lakini viungo vingine bado vinasikia. Leptini nyingi inaamsha askari wa mwili wakati hakuna vita, na unapata uvimbe ambao hauonekani kwa nje, moto mdogo wa ndani kwa ndani. Moto huo na leptini yenyewe vinaweza kuzilisha chembe za saratani zilizobaki zimejificha. Nyingine inaitwa adiponektini. Hiyo ni ya upande wa pili. Inapoza moto, inasaidia mwili kutumia sukari. Na ajabu yake, mtu akinenepa inapungua, akikonda inapanda."

"Kwa hiyo kidonge kikifanya kazi, leptini inashuka, moto unashuka, adiponektini inapanda."

"Umeelewa haraka, afande."

Inspekta alitazama bango, kisha akatazama kompyuta iliyokuwa wazi juu ya meza. "Hayo ni mambo matatu. Kwenye bango mistari ni miwili. Kwenye kompyuta yako naona mitatu. Huo wa tatu ni wa nini?"

Daktari alisogeza kiti chake mbele kidogo, kama mtu anayeziba upepo. "Adiponektini. Kipimo chake kinasumbua. Hakijatulia."

"Hakijatulia vipi?"

"Kwa baadhi ya akina mama ilishuka badala ya kupanda."

"Na Mwalimu?"

"Ni mmoja wao."

Koplo alikuwa bado na lake. "Daktari, samahani. Nikikonda, hiyo nzuri ya kupoza moto itapanda mpaka kiwango cha hao akina mama?"

"Haitawafikia. Wewe ni mwanamume. Wanawake tunawazidi nyinyi kwa homoni zote mbili. Hata ungekuwa mwembamba kama ufagio, leptini yako ingekuwa chini na adiponektini pia..."

Hakuimalizia sentensi. Jokofu moja lilizima mlio wake, jingine likaanza.

"Endelea," Inspekta alisema.

Daktari aligeukia kompyuta, akautazama mstari wa tatu.

"Basi nitaendelea mimi. Damu ambayo leptini yake iko chini, moto wake uko chini, na adiponektini nayo iko chini. Si mwanamke aliyekonda. Ni nani?"

Daktari aliinuka. Alivaa glavu nene, akafungua jokofu, ukungu baridi ukamwagika miguuni mwake. Alitoa mrija mdogo uliobaki wa mwezi ambao Mwalimu alikuwa safarini. Ilikuwa maabara ya homoni, na homoni ya kiume ilikuwa moja ya vitu ilivyoweza kupima palepale. Walikaa wakisubiri mashine. Koplo alisoma bango lote, na lilipokwisha akalisoma tena.

Karatasi ilipotoka, Daktari aliishika kwa mikono miwili.

"Mwanamume," alisema. "Mzima kabisa. Kijana."

"Dereva," Koplo alisema, na tayari alikuwa amegeukia mlango.

"Umemwona dereva?" Inspekta alimuuliza Daktari.

"Tani? Namwona kila siku."

"Damu yake ingesemaje?"

Daktari alifikiri, na kwa mara ya kwanza alizungumza bila kujitetea. "Leptini ingekuwa juu sana kwa mwanamume. Moto pia. Ningeiona nikashtuka. Hii hapa ni ya mtu mwembamba. Na hakuwa amekula, maana mtu akishakula, maji ya damu yake yanakuwa meupe kama maziwa. Mrija kama huo tunaukataa na kupiga simu kuuliza umetolewa saa ngapi."

"Kitambi kimemwokoa," Koplo alisema polepole. "Sijawahi kusikia."

Inspekta hakuondoka. Alisogea mpaka kwenye bango, akaweka kidole chini ya mstari wa pili, mahali ambapo wa tatu ungekuwa. "Akina mama wangapi adiponektini yao ilishuka?"

"Kama theluthi."

"Na ulipoona hivyo ukafanya nini?"

"Niliona ni hitilafu ya kipimo. Nikauondoa mstari huo kwenye ripoti mpaka..."

"Mistari miwili ilikuwa inakwambia unachotaka kusikia. Wa tatu ulikuwa unakwambia kwamba hiyo damu si yao. Ukaunyamazisha."

"Afande, hujui watu waliokuwa wanasubiri matokeo haya. Mimi sikumwaga damu ya mtu."

"Hapana. Wewe ulifuta mstari." Inspekta alikunja karatasi ya majibu. "Waite akina mama wote wapigwe picha."

"Mashine ya picha ni moja, na foleni yake ni ya miezi. Naweza kusukuma wachache mbele, wote siwezi. Na mirija ya wengi tuliimaliza kwenye vipimo, hakuna kilichobaki cha kupima upya."

"Wale wa theluthi?"

"Ni pa kuanzia. Lakini kama huyo mtu alikuwa anachagua, leo huyu, kesho yule, wako ambao mstari wao hautaonyesha kitu." Daktari alikaa chini. Mikunjo ya koti ilikuwa imeanza kulegea. "Anayejua damu ipi ni ya nani ni yeye aliyezibadilisha."

*

Muuguzi alikuja kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alimwamkia Inspekta kabla hajakaa. Chumba cha mahojiano hakikuwa na dirisha na joto lilikuwa la kuchemsha, lakini shati lake la mikono mirefu lilikuwa limefungwa vifungo mpaka kwenye viganja.

"Kunja mikono ya shati," Inspekta alisema.

"Kwa nini?"

"Kuna joto."

Aliangalia mlango. Kisha akafungua kifungo cha kushoto, akakunja. Ndani ya kiwiko kulikuwa na vidoa vidogo vyeusi, vya zamani na vipya, vimepangana juu ya mshipa. Alikunja wa kulia. Ulikuwa safi.

"Unatumia mkono wa kulia kuchoma," Inspekta alisema.

"Watu wengi wanatumia wa kulia."

Koplo aliegemea ukuta. "Nimetoka kwenye zahanati ya mtu binafsi, ile ya karibu na kituo cha mafuta. Wanakusifu sana. Wanasema wewe ndiye unayefungua mlango kila alfajiri, na hujawahi kuchelewa."

Muuguzi aliangalia meza.

"Alfajiri ileile ambayo akina mama wanatakiwa kutolewa damu," Inspekta alisema. "Wanakungoja na njaa, hutokei. Wanakula. Unafika jua kali. Damu yao ikifika maabara ni maziwa, Daktari atapiga simu, utaulizwa ulikuwa wapi. Kwa hiyo unajitoa yako alfajiri, kabla hujala, mrija wa huyu, mrija wa yule. Nimekosea wapi?"

Muuguzi aliufunika mkono wa kushoto kwa kiganja.

"Hata kwa aliyekuwa safarini uliingia getini, ukasimama peke yako uani, ukatoka na mrija. Hukutaka dereva ajue."

"Nataka wakili."

"Utampata. Kesi yako haina haraka, mkono wako hautapona leo. Mimi nataka majina. Nani ulimbadilishia?"

"Nikitaja nimekiri."

"Usipotaja, kuna mama mahali fulani ana maumivu anayasingizia uzee, kwa sababu ulimwambia ni uzee."

Kitu kilipita usoni mwake, kikapita tu. Alishusha mikono ya shati, akafunga vifungo, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia.

"Nataka wakili," alisema tena.

*

Inspekta alimweleza Mwalimu yote, kwa mpangilio uleule aliouona yeye, bila kupunguza. Mwalimu alisikiliza akiangalia feni. Ilipofika sehemu ya mkono wa kushoto, aligeuza uso ukutani na kubaki hivyo.

"Labda kuna mtu alimlazimisha," alisema kwa ukuta.

"Hapana."

"Labda alichelewa siku moja tu, basi ikawa mazoea."

"Huenda. Lakini hataki kutaja wenzako."

Mwalimu alipogeuka, macho yalikuwa makavu. "Mleteni hapa. Na wewe," alimwambia Koplo, "niinulie hiki kitanda. Sizungumzi na mtu nikiwa nimelala."

Walimleta na pingu zimefunikwa kwa koti. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuzia macho upande mwingine, kwa adabu, masikio yakabaki. Alisimama miguuni mwa kitanda.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Aliiacha salamu ikae hewani mpaka yule kijana akaanza kubadilisha miguu.

"Simama vizuri," alisema.

Alisimama vizuri.

"Fundi cherehani wa kule bondeni. Ulimtoa damu au ulijitoa wewe?"

"Mwalimu, wakili wangu amesema..."

"Sikumfundisha wakili wako. Fundi cherehani."

"Mimi," alisema.

"Miezi yote?"

"Mingi."

Inspekta alikuwa ameshatoka hatua moja pembeni, simu sikioni, Daktari upande wa pili. Alirudia kwa sauti ndogo: fundi cherehani, bondeni.

"Mama wa mapacha," Mwalimu alisema.

"Huyo yake ni ya kweli. Anakaa karibu na zahanati, nilikuwa nampitia mapema."

"Muuza vitabu."

"Mimi."

"Yule mke wa mchungaji, mwenye kikohozi."

Hapo alikawia. "Mimi. Kikohozi kilianza juzijuzi."

"Na ulimwambia ni nini?"

"Vumbi."

Mwalimu alifumba macho, akayafumbua. Aliendelea. Aliwajua wote, mmoja mmoja, kwa kazi zao na nyumba zao na magonjwa yao, kwa sababu walikutana kila mara kwenye kupokea vidonge na kupeana moyo. Hakumruhusu kuruka hata mmoja. Pale kijana aliposema sikumbuki, alimwambia akumbuke, naye akakumbuka. Kila jina lilitoka kwake likaingia kwenye simu ya Inspekta, na upande wa pili Daktari alisikika akiliandika.

Walipokwisha, kijana alikuwa ameloa jasho. "Nilikuwa na mpango wa kuacha," alisema. "Mwalimu, wewe unanijua. Kila mwezi nilisema huu ndio wa mwisho. Mirija ilikuwa inarudi mizuri, kila mtu anafurahi. Wewe mwenyewe ulikuwa unafurahi."

"Mimi nilikuwepo nyumbani karibu miezi yote," Mwalimu alisema. "Nilikunyooshea mkono. Ulinichoma, niliona damu inaingia kwenye mrija, nikasoma namba, ukabandika. Ile ilikwenda wapi?"

Aliangalia sakafu.

"Nakuuliza."

"Nilikuwa nasema naomba kunawa mikono. Nabandua namba, naibandika kwenye ile niliyokuja nayo." Alijifuta jasho kwa bega. "Ile yako nilikuwa naimwaga kwenye sinki lako. Nafungulia maji. Wewe ulikuwa jikoni unanichemshia chai."

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa akijifanya amelala, alivuta shuka mpaka puani.

"Ilisema kweli, basi," Mwalimu alisema. "Ile damu. Ilikuwa inasema kila mwezi, na mimi niko hatua chache nakutafutia kikombe kizuri."

"Nisamehe, Mwalimu."

Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura aliyowahi kuiona mahali.

"Afande," alisema, "mtoeni huyu mtu."

Koplo alimshika mkono akamwongoza nje. Hatua zao zilisikika mpaka mwisho wa korido, mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Inspekta alirudi kitandani na simu mkononi.

"Gari limeshatoka kumfuata mke wa mchungaji. Fundi cherehani anafuata. Wote aliokiri kuwabadilishia wanaingia kwenye picha wiki hii. Daktari ameapa."

"Daktari ndiye aliyefuta mstari."

"Ndiyo. Nimemwacha afisa amekaa naye mpaka wa mwisho apigwe picha."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Inspekta alitaka kuteremsha kitanda, akazuiwa kwa ishara ya mkono.

Pazia lilisogezwa. Muuguzi wa wodi aliingia na sinia dogo, pamba, mpira wa kufungia mkono, mrija mtupu. Alikuwa binti mdogo, mchangamfu, ndiyo kwanza anaingia zamu, hakuwa na habari ya lolote lililopita pale.

"Habari ya mchana, mama yangu," alisema, akavuta kiti. "Nakuchukua damu kidogo tu, daktari anaihitaji kabla ya kuanza dawa. Nipe mkono. Mimi siumizi, uliza wenzako."

Mwalimu alimtazama binti, akatazama sinia, akatazama mrija. Kisha akauingiza mkono wake chini ya shuka, na kwa mkono mwingine akaubana hapo.